Mwanangu anataka tuuze Land Rover ya marehemu baba yake, tuchukue Land Cruiser mkonga

Dada Mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mto wa Mbu. Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita kwa presha. Alituachia nyumba, shamba dogo la migomba na Land Rover 110, stesheni wagoni, ya mwaka 1996, injini 300Tdi. Gari hilo alilinunua kwenye mnada wa mradi mmoja uliokuwa unafunga shughuli zake, na ndilo lililotulisha. Mwaka 2011, watu walipokuwa wanamiminika Samunge kunywa kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo, lilikuwa halipoi. Linashusha wagonjwa usiku, alfajiri limeshajaa tena. Nyumba ninayokaa ilipauliwa kwa hela ya msimu ule.

Siku hizi linafanya njia ya Selela, Engaruka mpaka Ngaresero. Linabeba abiria, magunia ya mahindi, mbuzi, na mara nyingine mama mjamzito wa usiku. Siku za mnada vijana hupanda mpaka juu kwenye keria. Dereva ni yule yule aliyekuwa na mume wangu tangu mwanzo, watoto wangu wanamwita baba mdogo. Jioni ananiletea hesabu mkononi, na siku gari likilala njiani ananipigia simu kabla sijamuuliza.

Tatizo limeanza mwaka jana. Gari linachemsha. Tumebadilisha gasketi ya silinda hedi, tukabadilisha rejeta, tukarudi tena kwenye gasketi. Masika iliyopita liligoma kwenye korongo kabla ya Engaruka, abiria wakalala pale na watoto wao. Mama mmoja akaja kunidai nauli yake sokoni mbele za watu. Nilimrudishia, ila aibu niliyoipata siku ile sijaisahau. Halafu fundi akanionyesha chesisi kwa nyuma, pale karibu na bampa. Aliikandamiza kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini.

Mwanangu wa kwanza ni dereva wa watalii Arusha. Anasema Land Rover haitengenezwi tena, spea zinakwisha, na kila shilingi ninayoitia humo ni hasara. Kuna mtu anataka kulichukua kwa milioni 17. Yeye amepata Land Cruiser mkonga, HZJ78 ya mwaka 2002, kampuni moja ya utalii inaiuza milioni 45. Anasema 1HZ ni injini isiyokufa. Pengo la milioni 28 tutaligawana: mimi nikope nusu kwa kuweka nyumba dhamana, yeye akope nusu kazini kwake. Kadi itaandikwa jina lake kwa sababu mkopo wa kazini unataka hivyo, na ana rafiki yake ambaye ataliendesha.

Shemeji yangu amekuja juu, anasema gari la marehemu haliuzwi. Binti yangu aliyeko chuo anasema tuuze, tusinunue gari lolote, tujenge fremu mbili za kupangisha barabarani. Wa mwisho yuko kidato cha pili, yeye anachotaka ni ada tu.

Kadi ya gari bado ina jina la marehemu, lakini mnunuzi amesema hilo si tatizo, atachukua hivyo hivyo.

Dada, nikisikia ule mlio unakata kona ya sokoni bado nageuka kumwangalia dereva ni nani. Nifanye nini? Nikiuza, ninamsaliti mume wangu?

Mama wa Mto wa Mbu

JIBU

Dada yangu, pole kwa kuondokewa na mwenzio, na pole kwa siku ile ya sokoni. Kudaiwa nauli mbele za watu, kwa mtu ambaye jina lake mtaani ni la uaminifu, kunauma kuliko bei ya gasketi.

Nikikuelewa vizuri, una gari linalokulisha ambalo limeanza kukuangusha. Una kijana mwenye haraka, shemeji mwenye ukali, na binti mwenye hesabu tofauti kabisa. Wote watatu wanakusukuma uamue sasa. Wewe mwenyewe hujasema unataka nini. Nimeitafuta sentensi hiyo kwenye barua yako, nimeikosa.

Nianze na jambo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo. Kadi ina jina la marehemu. Hapo ulipo, dada, huna gari la kuuza bado. Hilo ni la mirathi, na wenye haki ndani yake ni wewe na watoto wote watatu, hata huyo wa kidato cha pili. Ukoo mkae kikao, mpendekeze msimamizi, muhtasari uandikwe, na pamoja na cheti cha kifo upelekwe mahakamani. Kwa familia nyingi safari hiyo huanzia Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa ndipo anaweza kwenda TRA kubadilisha umiliki. Msimamizi anaweza kuwa wewe mwenyewe, hakuna sheria inayosema lazima awe shemeji au mtoto wa kiume.

Huyo mnunuzi anayesema atachukua hivyo hivyo, jiulize anapata nafuu gani. Gari likigonga mtu, au likikamatwa na mzigo wa magendo huko mpakani, polisi wataisoma kadi, na kadi itawaleta mlangoni kwako. Tena gari lenye karatasi pungufu huuzwa bei pungufu. Milioni 17 huenda ni bei ya gari lisilo na mwenyewe. Likiwa na kadi safi, sijui angekuambia ngapi.

Na nyumba je? Kama hati au karatasi ya kiwanja nayo ina jina lake, habari ni hiyo hiyo. Huwezi kuiweka dhamana peke yako.

Sasa twende kwenye chuma. Kwetu Land Rover na Land Cruiser zimekuwa Simba na Yanga, mtu anazaliwa na upande wake na hoja anazitafuta baadaye. Mwanao anasema kweli kwa sehemu. Utengenezaji wa Defender ya zamani, ndiyo jamii ya hiyo 110 yako, ulifungwa Solihull, Uingereza, Januari 2016, na ile iliyotoka baada ya hapo ni gari jingine kabisa. Lakini kufungwa kiwanda si kuisha kwa spea. Vifaa vya 300Tdi bado vinatengenezwa na viwanda vingine vingi, na Arusha ni mji ambao Oktoba 2024 uliandaa tamasha zima la Land Rover. Shida utakayoipata dukani ni spea feki. Gasketi ya bei ya chini hufungwa leo, keshokutwa unaifungua tena.

Hapo ndipo ningekuuliza swali: hizo gasketi mbili, kuna aliyepima hedi kabla ya kuzifunga? Hedi ya 300Tdi ni ya alumini. Injini ikichemsha sana inapinda, na ikishapinda hata gasketi ya dhahabu haitashika mpaka hedi ipelekwe kwenye mashine isawazishwe, au ibadilishwe kama ina ufa. Injini hizo pia zina gasketi ndogo upande wa pampu ya maji inayovujisha polepole bila mtu kuona tone chini. Maji yanapungua, dereva anaongeza, safari inaendelea, mpaka siku ya korongo. Fundi aliyebadilisha rejeta bila kutafuta maji yalikokuwa yanakwenda hakumaliza kazi. Kwa hiyo sina uhakika kama gari limechoka au limetibiwa nusu nusu.

Chesisi ni habari nyingine, na hiyo inanitia wasiwasi zaidi. Bodi ya Land Rover ni alumini, lakini chesisi yake ni chuma, na njia yako inapita kwenye vumbi na tope la magadi la huko Natron. Kile kipande cha nyuma kinachoshika bampa mara nyingi hukatwa kikachomelewa kingine, kazi ya kawaida kwa fundi mzuri. Kutu ikishafika kwenye vikalio vya springi, hapo hesabu inabadilika kabisa. Mwambie fundi mwingine, asiye na hamu ya kulinunua wala kulitengeneza, alale chini ya gari aigonge chesisi yote kwa nyundo ndogo, mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Majibu ya saa moja hiyo yatakusaidia kuliko ubishi wa mwezi mzima.

Na hao vijana wa keria. Najua njia hiyo na najua mnada ulivyo. Lakini kupakia watu juu ya gari lenye chesisi inayozama bisibisi, hapana, dada. Hilo lisimamishe kesho, uamuzi mwingine wowote usubiri. Ukiwa hapo angalia pia kama bima na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vinalitambua gari kuwa la abiria.

Nije kwenye mkonga. Sifa zake si za uongo. Injini ya 1HZ ni ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo wala kompyuta, na hedi yake ni chuma. Land Cruiser za jamii ya 70 zimeanza 1984 na mpaka leo zinatoka kiwandani, ndiyo maana hata ukiamua kuliuza baadaye mtu atalichukua haraka. Ila hakuna injini isiyokufa. 1HZ ina mkanda wa taimingi sawa na 300Tdi, na usipobadilishwa kwa wakati ukakatika njiani, utalipia. Inakunywa dizeli zaidi ya hiyo yako ya lita 2.5, nawe utailipa tofauti hiyo kila siku ya kazi.

Halafu hili si gari la dukani, ni la mwaka 2002, na kama limefanya utalii limeshapigwa na vituta vya barabara ya Naabi kwenda Seronera misimu mingi. Kampuni kuuza si dalili mbaya moja kwa moja, nyingi hubadilisha magari kwa utaratibu. Lakini uliza kama lilirefushwa. Magari mengi ya watalii Arusha hukatwa chesisi, kikaongezwa kipande katikati ili viti vizidi, na paa likatobolewa ili lifunguke juu. Pita chini utafute mstari wa kuchomelea. Gari refu hukwama tumbo kwenye makorongo ambayo 110 inayavuka, na paa la kufunguka huvuja masika, gunia la mahindi halipendi hilo. Liwashwe likiwa la baridi, asubuhi, kabla mtu hajalipasha moto. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma uone kama inafuka moshi. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, na uliza kama gari linadaiwa faini za barabarani.

Unachofananisha hapa, dada yangu, ni gari ambalo magonjwa yake unayajua na gari ambalo magonjwa yake hujayasikia. La kwanza linakukera kwa sababu umeishi nalo. La pili bado halijapata nafasi ya kukukera.

Kuna jambo sijaliona likiulizwa na yeyote katika familia: kazi yenyewe iko wapi miaka mitano ijayo? Bodaboda zinafika Selela. Noah hupita popote barabara inapochongwa vizuri, na zinachukua abiria wepesi zikiacha magunia na mbuzi kwa Land Rover. Upande wa Loliondo lami imeshalazwa kati ya Waso na Sale. Anayejua kama abiria wako wanaongezeka au wanapungua ni dereva wako. Mkalishe, mpe chai, muulize siku anazorudi na viti vitupu. Chukua daftari uandike hesabu ya miezi mitatu: kilichoingia, dizeli, matengenezo, posho yake. Binti yako wa chuo anaweza kukusaidia. Bila karatasi hiyo, mkopo wa milioni 14 unaukopa gizani. Na kumbuka njia yako hufunga masika, rejesho la mkopo halijui masika.

Naona njia kadhaa mbele yako, na kila moja ina mahali inapouma. Unaweza kulitibu Land Rover sawasawa: hedi ipimwe, chesisi ishonwe, pampu na mipira yote ya maji iwe mipya. Hutadaiwa na benki, dereva anabaki, ila ukikuta kutu imefika mbali utakuwa umeimwaga hela. Unaweza kuuza na kuchukua mkonga, upate heshima ya kufika Ngaresero bila simu za usiku, lakini nyumba iliyopauliwa kwa jasho lile iwe rehani. Unaweza kumsikiliza binti. Fremu hazichemshi, ni kweli, lakini fremu isiyo na mpangaji nayo haili wala hailishi, na wewe kazi ya usafiri unaijua. Ipo pia njia ya katikati: kulifanyia gari matengenezo ya lazima tu, mkamaliza mirathi, mkaweka akiba msimu mmoja wa kiangazi, kisha mkarudi mezani mkiwa na kadi safi na daftari. Hatari ya hapo ni kwamba mkonga huyo atakuwa ameshauzwa. Wapo wengine.

Kuhusu mwanao, sisemi ana nia mbaya. Kijana anayejitolea kukopa kwa ajili ya mama yake ni wa kushukuriwa. Lakini tazama picha yote: gari jina lake, dereva rafiki yake, dhamana nyumba yako. Akioa, au akiachishwa kazi, au msimu wa utalii ukidorora kama ule wa 2020, atakayebaki na deni ni nani, na hesabu ya jioni italetwa kwa nani? Hayo unaweza kumuuliza kwa upole, mama kwa mwana. Huenda naye hajayafikiria. Anaweza pia kununua mkonga huo kwa mkopo wake, kidogo kidogo, bila nyumba kuguswa. Akikataa hilo, sikiliza sababu zake vizuri.

Na yule baba mdogo. Katika mpango wa mwanao hana nafasi, na sijaona mtu akimtaja. Mtu aliyefanya kazi miaka yote hiyo ana haki zake za ajira, achilia mbali shukrani. Lolote utakaloamua, asilisikie kwa vijana wa kijiweni.

Umeniuliza kama utamsaliti marehemu. Shemeji yako ana uchungu wa ndugu yake, na uchungu huo una haki ya kusikilizwa kwenye kikao cha mirathi. Ila ukimsikiliza, muulize pia kama yuko tayari kuchangia hedi mpya. Mimi siwezi kukuambia mume wako angesema nini. Wewe uliyelala naye nyumba moja unajua alikuwa mtu wa kung'ang'ania kitu au mtu wa kupiga hesabu. Gari unaweza kuliuza na bado ukageuka ukisikia mlio kama ule. Unaweza kulibakiza na siku moja ukaacha kugeuka. Sidhani kadi ya gari ndiyo inayoamua hilo.

Kwa sasa usitoe wala kupokea hela ya mtu. Huyo wa milioni 17 mwambie asubiri mahakama. Mwanao naye akuletee nakala ya kadi ya huo mkonga na namba ya chesisi kabla kampuni haijapewa hata shilingi ya kushikia gari. Dereva wako aende naye Arusha siku ya kulikagua, alale chini yake yeye mwenyewe.